Kabla hujatoa keshi kwa hiyo kadi

Kisumu, Jumapili jioni

Ndugu yangu Barasa,

Salamu sana. Huku sote wazima, mvua haituachi, na Mama Pendo bado anaulizia sufuria yake. Ningekupigia, lakini kwa simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Nimekutana na Akinyi pale Kibuye, akaniambia benki imekupa kadi ya mkopo na unataka kutoa keshi kwa ATM ulipe depoziti ya ile ploti ya Rongai. Barasa, tafadhali usitoe. Ukinunua kitu dukani kwa kadi, unapewa siku kadhaa bila riba, kwa benki nyingi hadi 45 hivi. Keshi haina muda huo. Unakatwa ada papo hapo, na riba inaanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo.

Sisemi uirudishe. Kwa unga, mafuta ya gari, hata friji, itakufaa, mradi pesa ya kuilipa unayo. Tazama tu tarehe ya stetimenti, yaani siku benki inapofunga hesabu ya mwezi: ukinunua friji kesho yake, unakaa na pesa zako karibu muda wote ule bure, ukinunua siku moja kabla, unabaki na wiki mbili tatu. Halafu lipa deni lote. Kile kiwango cha chini cha kulipa wanachokuandikia kisikutulize. Tuseme unadaiwa 20,000, riba ni asilimia 3 kwa mwezi, nawe umelipa 2,000. Riba inakula 600, deni linashuka 1,400 tu. Na deni likibaki, mara nyingi hata unachonunua upya kinakosa zile siku za bure.

Lakini nirudi kwa ploti, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Si uko na sacco ya walimu miaka yote hii? Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi, tena kwa salio linalopungua, yaani kwa deni lililobaki tu, na hukopesha hadi mara tatu ya akiba. Mimi nitakudhamini, na Wafula amekubali. Tuma fomu hata kesho nitie sahihi.

Mwenye ploti hawezi kungoja mwezi mmoja? Umeshaenda ofisi ya ardhi kuhakikisha hati ni ya nani? Wanjiru anajua? Na hiyo keshi, hujaitoa bado, sivyo? Nijibu leo leo, hata kwa meseji.

Wako,
Odhiambo