Mashine zilifika Oktoba, nikazipata Januari

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka ishirini bila kuandika hata mstari mmoja, lakini taarifa yenu ya wiki iliyopita kuhusu kuongezeka kwa makontena katika Bandari ya Dar es Salaam imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu alieleza vizuri jinsi meli zinavyoshusha shehena haraka kuliko zamani, kisha akamalizia kwamba siku hizi hata mfanyabiashara mdogo anaweza kuagiza mzigo ng'ambo akiwa nyumbani kwake na simu mkononi. Ni kweli anaweza kuagiza. Ambacho hakikuandikwa ni nani hulipa pale mzigo unapokwama, nami ni mmoja wa waliolipa.

Sipingi biashara ya nje, na ingekuwa utovu wa shukrani kuipinga. Nina karakana ya kushona sare za shule mjini Morogoro. Nilipoanza, cherehani ya ovaloki ilipatikana kwa wafanyabiashara wachache wa Kariakoo, na bei aliyoitaja wa kwanza ndiyo aliyoitaja wa tatu, hivyo nilishona kwa cherehani ya miguu miaka minne nikidunduliza. Leo nazungumza moja kwa moja na muuzaji wa Guangzhou, naye hunitumia video ya mashine ikishona kitambaa kizito cha sweta kabla sijalipa senti. Kwa ndege nisingethubutu, maana mashine na meza yake ni chuma kitupu na ndege hutoza kwa kilo, ilhali melini mzigo kama wangu hutozwa kwa mita ya ujazo, na watu kumi na zaidi wasiojuana wanaweza kuchangia kontena moja la futi 20. Bila utaratibu huo nisingekuwa na mafundi saba ninaowalipa kila mwisho wa mwezi.

Agosti 2024 niliagiza mashine sita. Gharama ya meli ilikuwa imepanda, na nilipouliza nikaelezwa habari za mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaliyoanza mwishoni mwa 2023. Meli zetu kutoka China hazipiti huko, lakini zile za Ulaya zilipoacha Mfereji wa Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari zilirefuka, makontena matupu yakawa adimu, bandari ya Singapore ikajaa foleni, na bei ikapanda hata kwetu tusiohusika. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki nao hukokotolewa juu ya bei ya mali ikijumlishwa na bima na gharama ya meli, kisha VAT ya asilimia 18 huwekwa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe. Meli ikipandisha bei, kodi nayo hupanda, na mashine haijaongezeka hata skrubu moja. Hilo nililipa bila kulalamika, kwa sababu nililijua kabla ya kuagiza.

Nisilolijua ndilo lililoniumiza. Kontena letu lilishushwa tarehe 24 Oktoba na kupelekwa bandari kavu, yaani yadi ya makontena iliyo nje ya bandari, ili lifunguliwe na kila mtu apewe chake. Tulikuwa wenye mizigo 14. Mmoja wetu, ambaye hadi leo simjui kwa jina wala kwa sura, alikuwa ameandikisha vyombo vya plastiki, na ndani ya maboksi yake yakakutwa mafuta ya kujichubua yaliyopigwa marufuku. Kontena zima likazuiwa. Sina ugomvi na ukaguzi, kwa kuwa mafuta hayo yanaharibu ngozi za dada zetu na ni wajibu wa serikali kuyakamata. Ila maboksi yake yalikuwa yameshajulikana na kutengwa kabla ya wiki ya pili kuisha, na sisi 13 tulioandikisha mali zetu kwa haki tukaendelea kusubiri. Kila nilipopiga simu, wakala wangu wa forodha alinielekeza kwa kampuni iliyokusanya mizigo, kampuni ikanielekeza kwenye bandari kavu, bandari kavu ikasema inasubiri barua, na niliposafiri kutoka Morogoro kwenda kuiulizia hiyo barua nikaambiwa ilishatoka ila aliyetakiwa kuipokea yuko likizo. Siku chache za bure za ghala zilikuwa zimekwisha, na mita ilikuwa ikisoma kwa jina langu, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Nilitoa mashine zangu tarehe 17 Januari, siku 85 baada ya kushushwa, na gharama za ghala nilizolipa zilifikia bei ya mashine mbili kati ya hizo sita. Shule zilikuwa zimeshafunguliwa. Wazazi walionilipa malipo ya awali mwezi Novemba nilikuwa nimeshawarudishia pesa zao, na walimu wakuu wawili waliokuwa wateja wangu kwa miaka wameshapata fundi mwingine.

Tulipofungua maboksi karakanani, makaratasi yake yalikuwa yamelainika kama andazi lililochovywa kwenye chai. Mashine ya pili tuliyoitoa, mafuta ya kiwandani yalikuwa yamegeuka utando wa rangi ya kahawia, na mguu wa kukandamizia kitambaa ulikuwa umegandamana na bati la chini kwa kutu, hata fundi akautoa kwa kuugonga na mpini wa bisibisi. Watu wa mizigo huliita hilo jasho la kontena: hewa iliyofungiwa hupata joto mchana, hupoa usiku, na maji hujikusanya darini na kudondokea mali. Nilikuwa nimekata bima, nikadhani itanifaa. Nikasomewa kwamba hasara inayotokana na ucheleweshaji haimo katika bima ya kawaida ya mizigo ya baharini.

Na kwa kuwa nimeshashika kalamu, niseme na hili la uzi. Pamba ya Simiyu na Shinyanga, sehemu yake kubwa, inafungwa marobota na kupakiwa melini ikiwa bado pamba, kisha inaturudia ikiwa nyuzi na vitambaa ndani ya makontena ninayoyagombania mimi. Tunalipia bahari mara mbili kwa zao lililoota kwetu. Wazee wanaokumbuka kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichoanza 1968 kwa msaada wa China hiyo hiyo, wanajua kwamba kusokota nyuzi si jambo lililotushinda tangu awali. Kama uzi wa sare ungesokotwa hapa, kontena lingebeba mashine tu, na msimu wa Januari usingetegemea meli kwa kila kitu.

Ninachopendekeza hakihitaji kreni mpya. Kila kontena la kuchangia liwe na karatasi moja ya siku kwa siku, ibandikwe mahali ambapo mwenye mzigo anaweza kuisoma, na kila siku saa kumi jioni iandikwe kontena liko mikononi mwa nani: meli, ukaguzi, kampuni iliyokusanya mizigo, bandari kavu au mwenye mali, na anayeandika aweke sahihi. Siku itakayoandikwa jina la mwenye mali, yeye alipe ghala. Siku itakayoandikwa jina la mwingine, huyo alipe. Pia maboksi ya mwenye kosa yakishatengwa, wengine waruhusiwe kugomboa mali zao ndani ya siku tatu. Naamini kati ya zile siku zangu 85, zenye jina langu hazingefika nne.

Namwomba mwandishi wenu arudi kule bandarini, lakini safari hii asiishie gatini, bali aende hadi kwenye bandari kavu akakae asubuhi nzima kwenye benchi la wanaosubiri hati ya kutolea mizigo. Ninazo ankara, hati ya shehena, picha za ile kutu na stakabadhi zote 11 za ghala, na nitazileta ofisini kwenu siku yoyote isipokuwa Ijumaa, ambayo ni siku ya kukabidhi sare.

Mwenye karakana ya sare za shule,
Morogoro