Betri si feki, chaja ndiyo inayoziua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme na wenzangu wenye boti ndogo. Hapa mwaloni Deep Sea, Tanga, kila betri inapokufa neno ni hilo hilo: "Betri za siku hizi feki." Nami nililisema. Ndani ya miaka miwili nilinunua betri tatu za ampea 100, na ya tatu ikanifia nje ya kisiwa cha Karange, mwezi wa Julai, kusi imekaza, saa nane usiku. Pampu ya kutoa maji ngamani ilikohoa mara mbili ikanyamaza. Taa zikafifia, zikazimika. Boti yangu ni ya faiba, mita 7, na usiku ule ilikuwa inavuja kwenye tundu la bolti tezini. Kupita miamba gizani sikuthubutu. Tukatia nanga, tukafua maji kwa ndoo, watu watatu kwa zamu, mpaka kulipopambazuka.

Mtoto wa dada yangu ni fundi umeme wa magari. Alikuja na mita yake ya kupimia volti, akafungua vifuniko vya betri, akaniita nitazame. Maji yameshuka chini ya usawa wa sahani za ndani, na harufu kama ya yai viza. "Mjomba, betri haina kosa. Hebu niwashie hiyo chaja unayotumia." Tukaiunga. Mita ikapanda 14, 15, ikafika 15.9 ikakaa hapo hapo. Betri ya maji ya volti 12 hupandishwa mpaka 14.4 hivi, zingine 14.8, ishikiliwe ishibe, kisha ishushwe ikae kama kwenye 13.5. Yangu ilikuwa inachemshwa usiku kucha. Ile ni chaja ya gereji, ya mtu anayesimama pembeni na kuichomoa baada ya saa chache. Aliyeniuzia dukani aliniambia inafaa kila kitu, nami nikaamini.

Wako wanaoua betri kwa njia ya pili. Wenzangu wa dagaa, wanaokesha na taa, hubeba betri begani zaidi ya kilo 25, maji ya bahari magotini, mpaka kibanda cha kuchaji. Kule inasukumwa ampea nyingi kwa saa mbili, inarudi ya moto, mita inaonyesha vizuri. Iache ipumzike nusu siku bila kuwasha kitu, kisha upime. Iliyojaa kweli husoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 ujue imebaki nusu, na betri inayokwenda kazini kila usiku ikiwa nusu haikai mwaka.

Dawa niliyoipata ni chaja ya kufungwa ndani ya boti moja kwa moja, inayojiongoza yenyewe hatua zote tatu. Bei yake ilikaribia ya betri, sifichi. Wakati wa kuchagua, soma maandishi ya nyuma kabla hujatoa pesa. Umeme wetu ni volti 230. Zipo chaja za Marekani za volti 120 tu, na ukizichomeka hapa ni moshi. Ampea zake ziwe kati ya asilimia 10 na 20 za betri: mimi nina ampea 100, nikachukua ya 15. Iwe na mahali pa kuchagua aina ya betri, maana ya maji, ya jeli na ya lithiamu hazilishwi sawa. Na iwe imezibwa kabisa, maji yasiingie.

Kwenye kuifunga ndiko watu wanakoharibu. Fundi wa kwanza alitaka kuipachika juu ya sanduku la betri, waya uwe mfupi. Nilikataa. Mvuke wa asidi unapanda na kuila, na betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo ikifika asilimia 4 tu ya hewa cheche moja inatosha kuiwasha. Tukaifunga pembeni, chini ya kiti, mahali penye upepo, mbali na tangi la petroli. Sanduku la betri tukalitoboa juu. Toka chaja mpaka betri ni mita 3. Fundi alikuwa na waya wa milimita 2.5, ule wa soketi za nyumbani. Kwa ampea 15, kwenda na kurudi, waya ule unakula zaidi ya nusu volti njiani, na betri inachelewa sana kushiba. Tukaweka wa milimita 6, wa shaba iliyopakwa bati, kwa sababu shaba tupu chumvi inaigeuza kijani mpaka ndani ya mpira. Fyuzi ikakaa sentimita 15 kutoka kichwa cha chanya. Ikiwa mbali, kipande cha waya kisicholindwa kikigusa hasi kinawaka moto kabla hujainuka.

Linaloniumiza zaidi ni huku nchi kavu. Waya za ekstensheni zinalala kwenye mchanga wenye maji, zina viungo vya selotepu, na watoto wanapita pekupeku kuuza samaki. Nawaomba wanaosimamia mialo watufungie soketi juu ya nguzo, na nyuma yake ile sakiti breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, wanapokagua vyombo vidogo, nawaomba wafungue na sanduku la betri, wasiishie kwenye maboya. Sisi wenyewe tuanze leo: chomeka upande wa boti kwanza, ukutani mwisho, wakati wa kuchomoa, anza ukutani.

Betri yangu ya sasa inaingia mwaka wa tatu. Jana asubuhi ilisoma 12.7. Nimenunua mita yangu mwenyewe, iko botini. Mwenye betri anayodhani ni feki aje nayo kabla maji hayajajaa, tuipime pamoja na chaja yake.

Nahodha na mwenye boti,
Deep Sea, Tanga