Shukrani kwa dada wa maiki, Bagamoyo

Dada yangu, jina lako sikuliuliza, na shukrani zangu hazijakufikia. Ilikuwa kwenye Tamasha la Bagamoyo. Mimi mwanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa na utamaduni cha Bagamoyo, narekodi ngoma kwa simu, upepo wa bahari unavuma. Ukanigeuza: "Mdogo wangu, upepo upe mgongo." Kisha ukaivalisha maiki yangu kipande cha sponji. Mvumo ukapungua, marimba yakasikika.

Leo nahariri video za mtandaoni, na kazini husifiwa sauti kabla ya picha. Chuoni nilicheza ngoma, nikafunga taa za jukwaa, nikapanga hata viti (hilo halimo kwenye cheti!). Kucheza ndiko kulikonifundisha pa kukata picha: pigo linapoanguka. Lakini kusikiliza kwanza, hilo ni lako. Ahsante sana dada, Mungu akuzidishie.