Mwanao Anajua Heian Shodan, Sisi Tunaiita Pinan Nidan

Mwezi uliopita mama mmoja alikuja dojo, ukumbi wetu wa mazoezi ya karate, akiwa na cheti cha binti yake mkononi. Familia imehamia Dar es Salaam kutoka Arusha, na binti, ambaye yuko darasa la tano, ana mkanda wa rangi ya chungwa wa mtindo wa Shotokan. Cheti kinasema amefaulu kata mbili, yaani mifululizo ya mapigo na kinga iliyopangwa: Heian Shodan, ya kwanza, na Heian Nidan, ya pili. Siku yake ya kwanza kwetu, ambako tunafundisha mtindo wa Shito-ryu, niliita kikundi kifanye Pinan Shodan. Akasimama nao bila wasiwasi, kwani shodan ni shodan, ya kwanza. Wenzake wakageuka kushoto mikono ikiwa juu usawa wa kichwa. Yeye akageuka kushoto na kukinga chini. Alirudi nyumbani akilia kwamba miaka miwili yote alifundishwa makosa.

Mama aliniuliza bila kuzunguka: "Sensei, kule ndiko walikokosea, au ni ninyi?"

Hakuna aliyekosea. Lakini jibu fupi kama hilo halimfuti mtoto machozi, na wazazi wanaotuletea watoto kutoka dojo nyingine ni wengi, kwa hiyo nimeona niandike yote mahali pamoja.

Kata za Pinan, au Heian, ziko tano, na zilitungwa Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, na Itosu Anko, mwalimu wa mji wa Shuri, mwanzoni mwa karne ya 20. Wakati huo karate ilikuwa inatoka kwenye nyua za watu, ambako mwalimu alifundisha wachache kwa siri, na kuingia shuleni. Mwaka 1908 Itosu aliandika barua maarufu yenye hoja kumi, akitetea karate ifundishwe mashuleni. Kata za zamani zilikuwa ndefu na nzito kwa mtoto, ndipo akatunga hizi fupi na kuziita Pinan. Ukizitazama vizuri utaona ndani yake vipande vingi vilivyomo pia kwenye Kushanku, kata kubwa ya zamani.

Wanafunzi wake wakatawanyika. Funakoshi Gichin alikwenda Tokyo mwaka 1922 kuonyesha karate na akabaki kufundisha huko. Mabuni Kenwa alihamia Osaka. Chibana Choshin alibaki Okinawa. Wote watatu walipokea kutoka mkono mmoja, na leo ukiwaweka wanafunzi wa wanafunzi wao mstari mmoja, kila mmoja atafanya tofauti kidogo. Sisi watu wa pwani tunalo neno zuri kwa jambo hili: silsila, mnyororo wa walimu na wanafunzi wao. Ukitaka kuelewa kata ya mtu, uliza silsila yake kwanza.

Tuanze na jina. Pinan na Heian ni maandishi yaleyale mawili ya Kichina, yenye maana ya amani na utulivu. Watu wa Okinawa waliyasoma kwa matamshi yaliyo karibu na Kichina, Pinan. Funakoshi alipokuwa akifundisha Wajapani wa bara, alitumia usomaji wa Kijapani, Heian. Ni kama mtu wa Mombasa anavyosema "mato" na wa Unguja "macho". Jicho ni lilelile.

Namba ndiyo iliyomliza binti yetu. Katika mpangilio wa Itosu, Pinan Shodan ina nekoashi, yaani msimamo wa paka, ina teke na ina mikono wazi kama upanga. Pinan Nidan ni nyepesi zaidi: kinga na ngumi za hatua. Funakoshi aliona haifai kumwanzisha mgeni na ngumu, akabadilisha nafasi zao. Kwa hiyo Heian Shodan ya Shotokan ndiyo Pinan Nidan yetu, na Heian Nidan yao ndiyo Pinan Shodan yetu. Mtindo wa Wado nao umebaki na namba za Okinawa, ila wanaoanza hufundishwa Pinan Nidan kwanza. Kyokushin wamechukua njia ya tatu: wanatumia jina la Pinan, lakini mpangilio ni ule wa Shotokan, kwa kuwa mwanzilishi wao, Oyama Masutatsu, alipitia mikononi mwa Funakoshi. Ndiyo maana cheti peke yake hakinitoshi. Lazima nimwone mtoto akifanya.

Sasa tuje kwenye mwili wenyewe, ambako ndiko kuna utamu.

Chukua ile kata yenye mikono juu. Katika Shito-ryu, mtindo wetu, mwanafunzi anageuka na kukaa katika nekoashi: karibu uzito wote uko mguu wa nyuma, wa mbele unagusa sakafu kwa sehemu ya mbele ya unyayo tu, kisigino kimeinuka. Mwili uko juu kiasi na mguu wa mbele uko huru kupiga teke wakati wowote. Katika Shotokan anakaa kokutsu: uzito bado umeelemea nyuma, lakini miguu iko mbali, goti la nyuma limekunjwa sana na unyayo wa mbele umelala wote sakafuni. Hatua chache mbele linakuja teke. Kwenye silsila za Okinawa ni teke la mbele. Shotokan wanapiga teke la ubavuni linalopanda juu.

Mabadiliko haya yalikuja na watu na mahali. Karate ya Funakoshi ilikulia kwenye klabu za vyuo vikuu vya Tokyo, ya kwanza ikiwa Keio mwaka 1924. Waliokuwa wakifanya mazoezi walikuwa vijana wenye nguvu, kwenye kumbi pana, wakitaka kupimana. Mwanawe, Funakoshi Gigo, aliyefariki mwaka 1945 akiwa bado kijana, ndiye anayetajwa zaidi kwa ile misimamo mirefu ya chini na mateke ya ubavuni. Ukimwona mtu wa Shotokan akishuka chini na kusafiri mbali kwa hatua moja, unatazama jasho la vijana wale. Ninaheshimu sana kazi hiyo, ingawa si njia niliyoifuata.

Mabuni alikuwa na moyo mwingine. Alisoma kwa Itosu, akasoma pia kwa Higaonna Kanryo wa mji wa Naha, na jina Shito limetokana na herufi za kwanza za majina ya walimu hao wawili, zikisomwa kwa namna nyingine. Yeye alikusanya. Pale ambapo kata moja ilikuwa na sura kadhaa, hakuchagua moja na kutupa nyingine, alizihifadhi pamoja na majina. Ndiyo maana Shito-ryu tuna Bassai Dai ya Itosu, tuna Matsumura Bassai, tuna Tomari Bassai, tuna Ishimine Bassai. Kwangu hiyo ni adabu kubwa: mwanafunzi akitaja kata, anamtaja na aliyeiacha.

Wapo wanaosema sura ya zamani ndiyo halisi na zilizobaki zimeharibika. Sikubaliani nao. Itosu mwenyewe alibadilisha alichopokea ili kimfae mtoto wa shule.

Hata hivyo sisemi kila tofauti ni silsila. Nyingine ni kosa tu. Mwalimu alikuwa na goti bovu, akawa hashuki, na wanafunzi wakadhani ndivyo ilivyo. Au mtu alisahau hatua, akaziba pengo kwa kubuni. Kipimo changu ni hiki: mwambie anayefundisha akuonyeshe pigo hilo linafanya kazi gani mtu akikushika au akikurushia ngumi. Silsila yenye uhai ina bunkai, maelezo ya matumizi, na wote walio ndani yake wanafanya hivyohivyo. Kosa lingine ni kuchanganya, kuanza kata kwa nekoashi yetu na kumalizia kwa teke la ubavuni la Shotokan. Hapo mwanafunzi hayuko kwao wala kwetu, na kwenye mtihani nitamsimamisha.

Wazazi wa watoto wanaotaka mashindano huniuliza kama mtindo unaweza kuwanyima medali. Kanuni za Shirikisho la Karate Duniani, WKF, zinaruhusu tofauti zinazotokana na mtindo wa mshindani. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, fainali ya kata ya wanawake iliwakutanisha Sandra Sánchez wa Hispania na Shimizu Kiyou wa Japani, na wote wawili walifanya Chatanyara Kushanku, sura ya Kushanku inayobeba jina la Yara wa Chatan. Kwa wanaume dhahabu ilikwenda kwa Kiyuna Ryo wa Okinawa, aliyefanya Ohan Dai, kata ya Ryuei-ryu, mtindo uliotunzwa kwa vizazi ndani ya familia moja, ya Nakaima.

Nina sababu yangu ya kulishikilia jambo hili. Nikiwa na miaka 16 nilihama mji, nikaingia dojo mpya, na mbele ya darasa zima nikaambiwa nivue mkanda kwa sababu kata yangu "si karate". Niliacha mazoezi karibu mwaka mzima. Sitaki mtoto yeyote aondoke mlangoni kwangu na moyo ule.

Kwa hiyo, akija kutoka mtindo mwingine, tunafanya hivi. Anafunga mkanda aliokuja nao. Kabla ya siku ya kwanza tutumie kwa WhatsApp video fupi ya kata yake ya mwisho na picha ya cheti, tujue tunamweka kikundi gani. Wiki za mwanzo anafanya kata zake mwenyewe, na anawaonyesha wenzake. Kisha tunamfundisha sura yetu kama kata mpya, polepole, huku tukimweleza inapotofautiana na sababu yake. Mtihani wa mkanda unaofuata anafanya kwa sura ya Shito-ryu, akiwa tayari. Kwa wanaotoka Goju-ryu ni rahisi kidogo, kwa kuwa wao hawana Pinan kabisa. Watoto wao huanza na kata za Gekisai, ambazo mwanzilishi wao, Miyagi Chojun, alizitoa mwaka 1940, hivyo hakuna cha kuchanganya. Ada ni ileile, hatutozi chochote kwa kuhamia.

Binti wa Arusha sasa ana wiki ya tano. Jumamosi iliyopita nilimwomba afanye Heian Nidan, na mwenzake wa rika lake afanye Pinan Shodan kando yake, wakianza kwa ishara moja. Darasa lilikaa chini kutazama. Walitofautiana misimamo, walitofautiana teke, wakaachana kabisa mwendo katikati. Walipomaliza, mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliniuliza kata ya tatu wanaanza lini.