Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wanachama wenzangu, waajiri kwa wafanyakazi,

Mwaka jana nilitamba hapa kwamba watu wanaotujia na barua ya kufutwa kazi mkononi watapungua. Hawakupungua, na aibu ni yangu.

Nitawasimulia shauri moja tu. Dereva wa foklifti, mwenye miaka 11 katika ghala moja la Shimanzi, hapa Mombasa, alifika kazini asubuhi akazuiwa getini. Askari akamkabidhi bahasha. Ndani mlikuwa na mistari minne ya Kiingereza. Ikabidi amwombe askari huyohuyo amsomee kwamba hana kazi tena, kwa kosa la kuangusha magunia ya chai. Tulipokaa na meneja wake nikauliza: nani alimsikiliza? Meneja akamtazama afisa wake wa wafanyakazi, afisa akatazama feni. Ndipo dereva akasema kuwa ubovu wa breki alishauandikisha mara mbili katika daftari la karakana. Daftari likaletwa, limejaa grisi, na maandishi yake yamo. Siku hiyohiyo akarudishwa kazini, na siku alizokosa akalipwa.

Kikao kama kile ndicho kilichopaswa kutangulia barua. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa sababu ya mwenendo au utendaji, amweleze kosa lake kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua mwenyewe, kisha asikilize jibu. Anayekiruka anaweza kuamriwa na Mahakama ya Ajira na Leba kulipa fidia ya hadi mshahara wa miezi 12. Na nambari si ngumu kuikumbuka: ni Ibara ya 41 hiyohiyo ya Katiba ya 2010 inayompa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma.

Ila ndugu zetu wa vyama nao wasijifanye malaika. Wako wanaoitisha mgomo leo kwa leo kisha wakashangaa ukipigwa marufuku. Mgogoro hupelekwa kwanza kwa Waziri wa Kazi. Msuluhishi huteuliwa ndani ya siku 21, naye ana siku 30 za kuwapatanisha, au zaidi pande zote zikikubali. Yakishindikana ndipo notisi ya mgomo ya siku 7. Ni mzunguko mrefu, sikatai. Lakini mji huu unajua hali ilivyokuwa bila njia hiyo: baada ya mgomo mkuu wa Januari 1947, Chege Kibachia, aliyekuwa akiongoza chama cha wafanyakazi, alikamatwa akapelekwa kizuizini Kabarnet.

Wengine hutujia baada ya miaka minne, ilhali mlango wa madai hufungwa baada ya mitatu. Hao hatuna la kuwafanyia.

Mambo ya ada atayasema mweka hazina. Langu ni ombi kwa waajiri: leteni barua zenu za onyo tuziandike upya kwa Kiswahili. Mmoja ameshaleta zake, tukakwama kwenye ya pili. Hata yeye aliyeitia sahihi alishindwa kutueleza ilikuwa inamwonya mtu kuhusu nini.