Mwanangu, huo wembe uweke mbali

Mwanangu,

Sisi huku Gairo hatujambo, ila mgongo wangu ni ule ule. Mama yako alirudi juzi kutoka kwenu huko Kiteto akakaa kimya mpaka jana usiku, tukiwa tunapukuchua mahindi. Ndipo akanieleza kwamba umegundua mkwe wangu ameweka kijiti cha uzazi wa mpango mkononi, na kwamba umesema nesi akikataa kukitoa utakitoa mwenyewe kwa wembe.

Mambo ya mwili wa mkwe si ya baba mkwe kuyasema. Najua. Lakini nimeshasikia, nitajifanyaje kiziwi? Mama yako anasema ulikuwa unatania. Mimi utani wako naujua. Kile kitu kiko chini ya ngozi, mwanangu. Kinatolewa na mtu aliyesomea, kwa sindano ya ganzi, na mwenye mkono awe amependa.

Leo asubuhi nilikwenda zahanati. Nikaona haya, nikaanza na habari za kikohozi. Mwisho nikauliza kama kuna fomu ambayo mume anasaini. Nesi akacheka. Hakuna. Huduma yenyewe ni bure na anayeamua ni mwanamke. Afisa maendeleo ya jamii wa kata alikuwepo pale, akadakia kwamba Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, tangu 2007, na mle imeandikwa mwanamke ana haki ya kuamua azae wangapi na awapishanishe vipi. 2007! Miaka yote hiyo sisi wanaume tunakaa kijiweni tunagawa ruhusa ambazo si zetu.

Unalalamika hakukuambia. Hapo una neno. Ila jiulize angekuambia saa ngapi, wakati wewe ukisikia uzazi wa mpango unauliza anamficha nani. Mtoto hata mwaka hajamaliza. Nesi anasema mwili upumzike angalau miaka miwili kabla ya mimba nyingine, na kwamba kijiti hakimalizi kizazi. Kikitolewa, mimba inashika kama kawaida. Nimemuuliza mara mbili kwa ajili yako.

Na mimi nilikuwa nakusifia kwa watu! Nikisema kijana wangu ameongozana na mkewe kliniki, amekaa kwenye benchi na kina mama, amepima damu. Mimi kwa mama yako sikwenda hata mara moja. Kumbe ulikwenda ile siku ya kwanza tu, kwa sababu wanaofika wawili wanahudumiwa mapema?

Habari ya mdogo wako ambaye hatukumpata huhitaji kusimuliwa, ulikuwa darasa la nne, uliona godoro. Mimi nilikuwa sokoni Kibaigwa nabishania magunia ya lumbesa, na shangazi yako akasema mgonjwa haondoki mpaka mwenyewe arudi. Niliuza vizuri siku ile. Mama yako hajawahi kuniuliza niliuza bei gani.

Siku hizi kuna namba 115. Mjamzito au mzazi akipata dharura unapiga bure, gari linatafutwa. Iandike kwa mkaa juu ya mlango, hata kama hayupo mwanamume nyumbani mtu apige. Asingojwe mwenyewe.

Sasa niambie, kijiti kiko salama? Usinijibu kwa ujumbe, macho hayaoni. Piga, na ukipiga mpe simu mkwe wangu kwanza, nimsikie sauti. Nikisikia umemgusa na wembe nakuja mwenyewe, na mgongo huu huu. Hata kumpiga mke, Sheria ya Ndoa ya 1971 ilishakataa kabla hujazaliwa, sembuse kumchana.

Mahindi usiyamalize kuuza. Acha magunia manne ya kula, wewe huwa unahesabu watu wazima tu. Zile bati sita ziko kwa fundi bado, anasema misumari imepanda bei, mimi nasema pesa ya misumari ameinywa. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Jike ni wa mkwe wangu. Nimesema wa mkwe wangu, usije ukampeleka mnadani.

Pampu ya baiskeli uliondoka nayo. Mpe kondakta wa basi la Jumamosi.

Baba yako