Pumzi isiyo na chambo

Mhariri,

Mara mbili katika majuma ya karibuni nimekuta kwenye kurasa zako za habari za kimataifa kwamba watu fulani walikuwa wakingoja matokeo "kwa pumzi yenye chambo". Nadhani naelewa kilichotokea. Mfasiri alikutana na msemo wa Kiingereza "with bated breath", unaosemwa kwa anayengoja kwa wasiwasi, pengine ukiwa umeandikwa "baited", yaani "yenye chambo", kosa ambalo hata wenye lugha yao hulifanya mara kwa mara kwa kuwa maneno hayo mawili hutamkwa sawasawa, naye akaimeza ndoano.

Neno "bated" halihusiani na uvuvi. Ni ufupisho wa "abate", kitenzi chenye asili ya Kifaransa cha kale, ambacho hadi leo husemwa kwa upepo au dhoruba inayopungua nguvu. Umbo lake fupi limekwisha kufa, isipokuwa ndani ya msemo huu. Pumzi inayotajwa, basi, ni ile iliyopunguzwa, inayovutwa kidogo kidogo kana kwamba mtu anaogopa kusikika. Matumizi ya mwanzo yanayofahamika yamo katika tamthilia ya Shakespeare iliyochapishwa mwaka 1600, ile ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri na ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Humo Shylock, mkopesha fedha, anauliza, kwa kejeli chungu, kama ainame na kusema kwa sauti ya mtumwa, pumzi ikiwa chini, mbele ya mtu aliyemtemea mate. Hapo pumzi ilipunguzwa na unyonge. Maana ya kungoja kwa wasiwasi ilikuja baadaye, ikaifunika ile ya kwanza.

Kiswahili hakina haja ya kuazima pumzi hiyo. Anayengoja kwa hofu tunasema yuko roho juu, na anayengoja jambo analolitamani tunasema anangoja kwa hamu na ghamu. Mfasiri ajiulize kwanza anayengoja anaogopa au anatamani, maana Kiingereza hapa hakitofautishi, nasi tunatofautisha. "Kubana pumzi" nako kuna mahali pake, hasa kwa mpiga mbizi, na "kutweta" ni kwa aliyetoka mbioni. Sioni sababu ya kumtwetesha mtu aliyeketi kitini akisubiri kura zihesabiwe.

Kuna mtego mwingine, nao ni mbaya zaidi kwa sababu hauchekeshi. Siku hizi Waingereza hupenda kuukanusha msemo huo kwa dhihaka: mtu akisema kwamba hangoji "with bated breath", anakusudia kwamba jambo lenyewe halitarajii kabisa. Juma lililopita mliandika kwamba mwanasiasa mmoja "hana wasiwasi wowote" juu ya ahadi aliyopewa na wapinzani wake, ilhali kwa jinsi habari yote ilivyokwenda alikuwa akisema kwamba haiamini. Naomba sentensi hiyo isahihishwe.

Msomaji wako wa siku nyingi